Bandarini Waliuliza: Mama Yako ni Nani?

Ilianza siku ya Alhamisi, saa kumi na dakika kumi za mchana. Nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mchele, nimevaa gauni la bluu la dada, lile lenye kola nyeupe, nikasikia pikipiki inazimwa mbele ya mlango wetu. Halafu mama akapiga kelele. Aliita jina la dada kwa nguvu, mara mbili, na sauti ikamvunjika katikati. Mimi jina langu mama hajawahi kuliita hivyo. Langu analiita kama mtu anayeomba chumvi.

Nilipozunguka nyumba nilimkuta dada bado amekaa nyuma ya dereva, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope. Mfuko wake ulikuwa umefungwa kwa mipira ileile ya tairi ambayo baba aliifunga siku dada alipokuwa anaondoka. Sisi tulidhani amekwisha kuvuka ziwa. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu wiki iliyopita, na baba alikuwa anatutuliza kila jioni, anasema ndivyo simu zinavyofanya ng'ambo.

"Walinirudisha," dada akasema. Hakushuka.

Neno langu la kwanza moyoni halikuwa "pole." Nilitazama gauni nililovaa.

Lazima nieleze dada ni nani kwangu, kwa sababu shida yote ilitoka hapo. Alizaliwa na mama mkubwa, dada wa mama yangu, kule Kabambare. Mama mkubwa alifariki siku ileile ya kuzaa. Baba yake alikuwa ameshaingia kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Lusangi, na hajaonekana tena mpaka leo. Mama yangu alikuwa bibi harusi mpya hapa Kasongo, hana mtoto. Alienda kumchukua yule mchanga, akarudi naye mgongoni. Kwetu hakuna anayesema "mtoto wa dada yangu." Ukisema hivyo watu wanakutazama kama umetukana. Mtoto wa dada yako ni mtoto wako, basi.

Nilipozaliwa mimi, dada alikuwa anatembea na kuiba sukari. Kwa hiyo mama nilimkuta amekwisha kuwa mama. Na huku kwetu mwanamke akipata mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe linalala. Watu wote wanamwita kwa jina la mtoto. Sokoni, kanisani, kisimani, mama yangu ni Mama Fulani, na Fulani ni dada. Nimemwandika Fulani kwa sababu sitaki kuweka majina kwenye daftari hili. Mimi niliyetoka tumboni mwake jina langu halijakaa popote. Nilikuwa nasema hivyo peke yangu tangu shule ya msingi, kwa sababu mdomoni sina nguvu. Mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, naijibu meza, si yeye.

Sasa mambo ya safari. Mama mdogo, yule wa mwisho kwao, anaishi ng'ambo ya ziwa Tanganyika na anashona nguo huko. Mwaka huu alituma habari kwamba amepata nafasi katika shule ya wauguzi kwa msichana mmoja wa nyumbani. Msichana mmoja. Hakuna aliyeuliza msichana gani. Dada alikuwa amemaliza sekondari, ana miaka kumi na saba, na mimi bado nina miaka miwili darasani, kwa hiyo ni haki, najua ni haki. Lakini hata kuuliza tu wangeuliza.

Mara ya kwanza viza ya masomo ilikataliwa, eti barua ya shule haikuwamo. Siku hiyo dada alilia na mama akachinja kuku ili ale, apate nguvu. Barua ikaja, wakaomba tena, viza ikakubaliwa. Mama akachinja mbuzi. Nakumbuka nilipotoka wa pili darasani nilimletea mama karatasi ya pointi akiwa uani. Akaisoma vizuri, mpaka chini, akasema, "Asante, mwanangu. Angalia kuku wasile mchele."

Kabla hajaondoka dada aligawa vitu vyake. Ndivyo inavyofanywa: anayevuka maji haachi vitu nyuma vinavyomngoja, na alichogawa hakiombwi tena. Mimi nilipata kitanda chake cha karibu na dirisha, gauni la bluu, na viatu vyeusi vya ngozi ambavyo kwangu vinaingia sawasawa kuliko kwake. Nilisema asante nikitazama chini. Ndani nilikuwa nacheza.

Na nilifanya jambo moja zaidi. Jirani yetu anakaanga mandazi kando ya barabara, mama mnene wa kicheko, Mwislamu, aliyekuwa hapa hata kabla ya mama kuolewa. Nilienda kwake asubuhi kama nataka kununua.

"Mama," nikasema, "sasa dada hayuko. Unaweza kuwa unamwita mama kwa jina langu?"

Alicheka mpaka akaondoa sufuria motoni. "We mutoto! Kimya yote hii, kumbe ndani iko vita!" Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Sawa, nitamuita. Lakini mama yako akiniuliza, nitasema ni wewe."

Na alimwita. Asubuhi iliyofuata alipita mbele ya uzio, akasema "Mama" na jina langu nyuma yake, na mama akajibu "Ee, karibu!" bila hata kugeuka. Nilikuwa natwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nilitwanga mpaka ikawa uji. Baada ya hapo hata wengine wa upande wetu wakaanza, nusu kwa mzaha. Zile siku zilikuwa tamu kwangu, siwezi kudanganya.

Basi dada akashuka kwenye pikipiki.

Jioni baba aliporudi, tulikaa uani wote wanne, na dada akasimulia. Kufika ziwani kulikuwa kugumu lakini alifika. Bandarini kulikuwa na mstari. Mtu wa uhamiaji alitazama pasipoti, sawa. Viza, sawa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, sawa. Halafu akachukua karatasi ya ruhusa ya wazazi, ile ambayo mtoto chini ya miaka kumi na nane lazima aibebe, akaiweka karibu na cheti cha kuzaliwa, akazisoma moja baada ya nyingine.

"Akaniuliza, 'Mama yako ni nani?' Nikamuonyesha jina la mama kwenye ile ya ruhusa. Akasema, 'Na huyu wa kwenye cheti?' Nikasema, 'Huyu pia ni mama, alikufa.' Akasema, 'Basi binti, ni yupi alisaini hapa, mwenye kufa?' Watu wote nyuma yangu wakacheka."

"Wajinga," baba akasema.

"Akaniambia, 'Huyu aliyesaini hakukuzaa. Kwa karatasi, huyu si mama yako. Simama pembeni.' Nikasimama pembeni. Boti ikaondoka nikiiona."

Mama alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Alisema hivyo? Si mama yako?"

"Hakusema kwa ubaya, mama. Pasipoti alinirudishia kwa mikono miwili."

"Mimi niliandika nini?" Mama alikuwa anaiuliza sufuria. "Mutu wa biro, yule wa ofisi ya karatasi, aliniuliza, 'Wewe ni nani kwake?' Nikasema mama. Akaandika mama. Nilikosa wapi?"

"Hukukosa," baba akasema polepole. "Pengine ungesema tu mama mudogo, mulezi..."

"Mama mudogo! Mbele ya mutoto! Ungekuwa wewe ungesema?"

Baba akachezea kofia yake.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Yale maneno, huyu si mama yako, nimeyatafuna tangu utoto bila kuyatema. Kila dada alipovishwa nguo mpya ya sikukuu mbele yangu nilikuwa nayo hapa kooni. Sasa mtu mgeni kabisa, amevaa kofia ya kazi, ameyasema mbele ya mstari mzima. Nilingoja niyasikie yakiwa matamu. Dada alikuwa anatazama magoti yake, na kidevu kilikuwa kinamtetemeka vilevile kama siku ile alipovunja mtungi wa bibi na mimi nikachekelea. Hayakuwa matamu. Yalikuwa kama nimelamba sabuni.

Halafu mama akaacha ugali, akaleta beseni ya maji ya moto, akavuta miguu ya dada akaanza kuiosha, kidole kwa kidole, kama ya mtoto mchanga. Na wivu wangu ukarudi mara moja, mzima. Miguu yangu pia ilikuwa na matope. Hakuna aliyeitazama.

Baba akaeleza la kufanya. Yule wa bandarini alikuwa amemwambia dada: atafute karatasi ya tribinali, yaani mahakama, inayosema mama ndiye mlezi wake kwa sheria, kisha arudi. Viza bado ina muda, lakini si mrefu. Shule haitamngoja. Kesho asubuhi wataenda mapema, na wanahitaji shahidi wa mtaa asiye ndugu.

"Jirani wa mandazi," mama akasema. "Yeye aliniona siku nilifika naye mugongoni."

"Ndiyo huyo. Hawatamuuliza mengi. 'Huyu mama unamujua? Hapa mutaani munamuita mama wa nani?' Anajibu, kwisha."

Donge la ugali lilinikwama. Baba akanipigapiga mgongo. Nilitaka kusema pale pale nililomwomba jirani, lakini watu watatu walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa na watu watatu nasahau hata jina langu. Nikanywa maji.

Tulipoenda kulala dada alitandika mkeka chini.

"Kitanda ni hiki," nikasema.

"Ni chako. Nilishakupa." Akageukia ukuta.

Nikalala kitandani, karibu na dirisha, na sikujua niweke wapi mikono.

Asubuhi dada aliamka kabla yangu. Alikuwa anafagia uani kwa ule ufagio mfupi, ameinama. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na anafunga kilemba. Baba alikuwa ameshatangulia kutafuta pikipiki. Mimi nilikuwa naanika mchele kwenye mkeka, nikaona jirani anakuja, amevaa vizuri, baibui jeusi na ushungi mpya, ananukia udi mpaka kwenye uzio.

Akaita "Mama" na jina langu nyuma yake, kwa sauti yake nzuri ya asubuhi.

"Ee, karibu!" mama akajibu.

Ufagio wa dada ukasimama. Hakuinua kichwa. Alibaki ameinama tu, anatazama takataka alizozikusanya.

"Hapana," nikasema.

Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Kuku walikimbia.

"Hapana nini?" jirani akauliza.

"Mama huyo hayuko hapa. Hapa iko Mama Fulani."

"Ala! Wallahi mutoto huyu!" Jirani akashika kiuno. "Si ni wewe ulikuja kuniomba? Ulisimama pale kwenye mafuta yangu, unatetemeka, 'Mama, unaweza kumwita kwa jina langu.' Leo unanigeuka?"

Mama akaacha kilemba nusu. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliweka wapi kitu. Dada naye akanyooka. Masikio yangu yaliwaka moto, na ningekuwa na shimo ningeingia. Lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Nilikuomba. Sasa sikuombi tena. Kule wakikuuliza munamuitaje, ukisema jina langu, dada haendi. Useme Mama Fulani. Tena useme kwa nguvu."

Jirani akaondoa mkono kiunoni. Kisha akacheka, lakini kidogo. "Mama Fulani," akasema, kama anaonja chumvi. "Miaka yote nimesema hivyo. Nimekuharibia siku chache tu, mutoto wangu, ulimi utarudi."

Mama alimaliza kilemba. Akatazama miguu ya dada, akaona kandambili zilizokatika na kushonwa kwa waya.

"Unaingia tribinali na hivyo? Viatu vyako viko wapi?"

"Nilishavigawa, mama," dada akasema haraka. "Haviombwi. Nitaenda hivihivi."

Hakuna aliyenitazama. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Niliingia ndani, nikavitoa chini ya kitanda, nikavipangusa kwa pindo la sketi yangu ya shule, nikavileta na kuviweka mbele yake. Dada akavivaa. Vilimbana kisigino, nikaona, nikafurahi kidogo.

Gauni sikulirudisha. Nililivaa walipokuwa wanatoka, na dada aliliona.

Wakapanda pikipiki mbili alizotuma baba, yeye akiwa ameshatangulia tribinali, jirani na baibui lake kwenye ile ya nyuma, mama na dada kwenye ile ya mbele pamoja. Walipofika kwenye kona mama akageuka. Akaita jina langu kwa nguvu, mara mbili, mpaka watu wa baiskeli wakageuza vichwa kutazama ni nani anayeitwa.

"Angalia kuku wasile mchele!"

Nikarudi uani, nikaangalia kuku.