Bibi Aliyejibiwa Upesi

Jumapili mchana, nje ya hospitali moja ya Temeke, waumini waliokuja kuona wagonjwa walikuwa wanarudi kwenye kosta la kanisa lao. Fulana zao za kijani ziliandikwa mgongoni: Tuko Tayari Kutumwa. Kivulini, hatua chache kutoka niliposimama, alikaa bibi mwenye bandeji mguuni, fimbo mapajani.

"Shikamoo bibi. Mbona peke yako?" aliuliza kiongozi wao.

"Marahaba. Nimeruhusiwa, natafuta usafiri wa Mbagala. Nyie mnaelekea wapi?"

"Mbagala," alijibu, halafu akatazama saa. "Ngoja tukuombee."

Wakamzunguka, wakashikana mikono. Kiongozi akafumba macho, akamsihi Bwana amfungulie bibi njia, ampatie usafiri, amfikishe salama. Bibi akaitikia "Amina" kuwashinda wote.

Kisha akainuka, akachechemea hadi kwenye kosta, akapanda. Siti ya mbele ilikuwa imekaliwa na mkoba wa mama aliyekaa dirishani. Bibi akauinua kwa mikono miwili, akampakatisha mwenyewe, akaketi.

Kiongozi akabaki na mguu mmoja mlangoni. "Bibi, sasa... unakwenda wapi?"

"Mbagala, mwanangu. Si ndiko mlikoniombea?"

Kiongozi akapanda, wenzake wakamfuata. Nimewasikia wengi wakilalamika kwamba Mungu hajibu maombi. Sikuwahi kuona watu walioshtuka namna ile kwa kujibiwa.

Kosta liliondoka na siti kadhaa tupu. Nami nilikuwa naenda hukohuko Mbagala, ila mie nilikuwa sijaombewa.