Mbuzi wa Nyanya na Safari ya Taveta

Juzi rafiki yangu alinitembelea hapa Voi, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshaanza tena hadithi yake ya safari ya nyama. Sote tuna wajukuu sasa, lakini simulizi lake likifika Mwatate bado husimama kunionyesha ukubwa wa ubavu aliopewa. Mimi hucheka naye. Akishaondoka, moyo hunilemea.

Tulikuwa darasa la tano, miaka ya sabini. Baba yake aliendesha lori, na likizo moja akamchukua mpaka Taveta. Aliporudi hakutaja Kilimanjaro wala tembo. Nyama tu! Mwatate walikula mbavu za mbuzi kwa chumvi na pilipili. Maktau mafuta yalidondoka kwenye makaa, moshi ukawatoa machozi. Taveta wakachomewa na ndizi. "We, mwenzangu," aliniambia, "nililamba vidole mpaka baba akaona haya!"

Nilipopanda milimani kwa nyanya nikamsimulia yote, tukiponda kimanga, chakula chetu cha mihogo na maharagwe. Nilisimulia kana kwamba nami nilikuwa ndani ya lori. Nyanya akauliza, "Na wewe ulipewa?"

"Mimi sikwenda, nyanya."

Kesho yake nilirudi kutoka kuteka maji nikamkuta jirani akimchuna mbuzi wetu wa maziwa. Alikuwa mmoja tu. Kwetu nyama ilichemshwa. Nyanya hakujua kuchoma. Nje iliungua, ndani ikabaki na damu, naye akanipepea moshi kwa leso. "Kula, mama. Usiwe unasimulia nyama ya watu." Nilikula. Ilikuwa tamu, na sikuuliza kitu.

Asubuhi chai ilikuwa ya rangi. Ikawa hivyo likizo nzima, na likizo iliyofuata. Nyanya, aliyependa chai nzito ya maziwa, alisema maziwa yanamletea kiungulia. Nilikubali upesi, maana kukubali kulikuwa rahisi.

Siku hizi barabara ya Taveta ni lami, na vile vibanda vya nyama sivioni tena. Zizi la nyanya limeota nyasi, naye tulishamzika. Lakini akiwa bado hai, nilipoanza kazi, nilimpelekea mbuzi mwingine, nikamkamua mwenyewe, nikapika chai nzito kama ile ya zamani. Nyanya alionja mara mbili, kunifurahisha tu.

"Nimeshazoea ya rangi, mama," akasema, akanisogezea kikombe. "Kunywa wewe."