Barafuni, Njia ya Baiskeli

Siku ya kwanza kazini hakuna aliyeniuliza cheti. Afisa Mipango, mzee mfupi mwenye sauti ya mkuu wa gwaride, aliniambia, "Binti, onyesha mikono." Nikaionyesha. Akaikagua, kisha akanituma bombani. Alisema jasho ndilo adui wa karatasi ya ramani. Nilikuwa nimeshuka kwenye meli ya Bukoba asubuhi ile ile, nimevaa gauni langu la kanisani, halafu Mwanza inanipokea kwa sabuni! Nilikasirika, lakini nilinawa.

Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za vijiji vya ujamaa. Ninyi wa kompyuta mtanicheka. Sisi tulitandika karatasi laini inayopenyeza mwanga, tukachora kwa wino mweusi, na ukikosea unakwangua wino kwa wembe, taratibu, umebana pumzi. Ukiwa na pupa karatasi inatoboka, unaanza upya. "Wembe ni wa makosa madogo," Bwana Mipango alituonya kila mara. "Makubwa msiyafanye."

Kijiji ninachotaka kuwasimulia kilikuwa ng'ambo, upande wa Busisi. Wapima ardhi walitangulia kufyeka mkuza, yaani ule mstari mwembamba unaosafishwa porini ili darubini yao ione kutoka kigingi hadi kigingi. Ulianzia karibu na kivuko ukanyooka hadi zahanati. Kwa kawaida kazi ikiisha mkuza huachwa uote majani. Kwenye ramani yangu, ambayo wakubwa walikwisha kuipitisha, nyumba zingejengwa juu yake, na watu wangetumia barabara ya malori inayozunguka kilima.

Wenyeji hawakungoja ramani. Walipoona pori limenyooshwa hivyo, wakapanda baiskeli zao. Tuliporudi kuweka vigingi vya viwanja tulikuta mkuza umeshakuwa njia, ardhi imeshindiliwa na matairi. Huyu amebeba samaki, yule pamba, mwingine amempakia mkewe mgonjwa kwenye keria. Bwana Mipango akaja juu. "Nani kawaruhusu? Zibeni kwa miiba, leo hii!"

Ndipo akatokea Kabula, nesi wa zahanati, mama wa Kisukuma mwenye maneno yake, juu ya baiskeli ya kiume, gauni jeupe la kazi amelifunga kwa kanga, sanduku la chanjo liko nyuma. Akashuka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Mkiziba hapa mtaniulia watoto."

"Marahaba. Barabara ipo, mama."

"Barabara ipo. Lori ndilo halipo."

Kweli, petroli ilikuwa adimu, na lori la kijiji lilikuwa limelala tu. Kabula akaeleza kwamba akizunguka kilima kwa baiskeli, barafu aliyoipokea kivukoni inayeyuka njiani, na chanjo ikipata joto haifai kitu. Akapoteza ule ucheshi wake. "Surua ilipopita hapa tulizika, mzee. Wengine niliwapokea mwenyewe walipozaliwa."

Bwana Mipango akaisogelea baiskeli. Alifungua sanduku akatumbukiza mkono, akauacha humo kitambo. Alipoutoa ulikuwa unachuruzika maji baridi.

"Bado barafu," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akanigeukia. "Koku, wembe wako mkali?"

"Mkali, Bwana Mipango. Lakini ramani imeshatiwa saini."

"Sikukuuliza saini."

Tuliporudi ofisini nilitandika ramani, huku nikijua kazi yake iko hatarini, na yangu pia. Yeye akatoka. Nikadhani ameghairi. Kumbe amekwenda bombani kunawa mikono! Akarudi, akanishikia karatasi, mimi nikakwangua safu nzima ya viwanja kupisha njia ya baiskeli na waendao kwa miguu.

"Hili kosa si dogo," nilimtania. Mzee akacheka, loh, hadi machozi.

Wakubwa walipouliza nani kachezea ramani iliyopitishwa, alisema, "Mimi. Msichana alifuata amri." Akahamishiwa kusini, mbali kabisa, wakati mijohoro aliyoagiza ipandwe kandokando ya njia haijafika hata magotini. Nililia nyuma ya kabati la ramani.

Mimi nilihamishwa Musoma, nikarudishwa Mwanza, nikafanya kazi chini ya mabosi wengi. Wengi walipenda barabara pana. Kila nilipowasilisha ramani nilichora kwanza njia ya miguu na baiskeli, ndipo viwanja. Siku hizi nasikia semina za usafiri usiochafua hewa, nafurahi, ila nikipita mitaa ya Buhongwa au Kiseke hapa Mwanza nikaona nyumba zimebanana hadi mtoto hana pa kupita kwenda shule, namkumbuka mzee yule na moyo unaniuma.

Baada ya kustaafu nilivuka kwenda kule Busisi. Mijohoro imekuwa mikubwa, chini yake kuna ubaridi mzuri. Mama mmoja alikuwa anarudi sokoni kwa baiskeli, keria tupu. Nikamsimamisha, nikamuuliza njia hii inaitwaje.

"Barafuni, bibi."

"Kwa nini Barafuni?"

"Mimi sijui. Tumekuta inaitwa hivyo."

Nikamsimulia yote. Alisikiliza mguu mmoja ukiwa chini, kisha akauliza, "Na huyo mzee, alirudi kuiona?"

"Hakurudi."

"Maskini!"

Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, wala sikuona haya. Yule mama akapigapiga keria yake. "Panda, bibi, nikufikishe zahanati."

Nikapanda, nikamshika kiuno. Hatukuzunguka kilima.