Ndege Isiyo na Masikio

Video yenyewe ni ya sekunde kumi na moja, na kama ulikuwa na simu hapa Juba wakati ule, uliiona. Usijifanye hukuiona. Imepigwa kutoka juu, kwa droni. Kuna duara la wanawake wanaocheza, na katikati kuna kitu cheupe, ndiye mimi siku ya harusi yangu. Mwanamke mwenye gauni la kijani anachomoka kwenye duara, anamrukia bibi harusi, anamwangusha kwenye matope na kumlalia. Bibi harusi anahangaika kujinasua, kisha anamzaba yule mwanamke kofi. Hapo inakatika na kuanza upya.

Aliyeitupa mtandaoni aliipachika muziki wa dansi na maneno haya: "Mama mzazi akataa harusi." Watu walicheka kuanzia mtaa wa Sherikat hapa Juba hadi Nairobi. Mmoja aliandika kwamba mama alikuwa akimtaka bwana harusi mwenyewe. Mwingine akasema ng'ombe hawakutosha. Wasichana niliosoma nao Nakuru, ambao kwa miaka hawakunijulia hali, walinitafuta sasa ili waulize kama ni mimi, na chini ya swali wakaweka vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Niliwajibu kwamba ndiyo, ni mimi, na kwamba wana roho mbaya, kisha nikawafuta wote kwenye simu.

Wote walikosea, lakini siwezi kuwalaumu sana. Ile droni haichukui sauti. Jicho lake linaona hadi mshono wa gauni, ila haisikii chochote, wala mvumo wake yenyewe. Magazetini huitwa ndege isiyo na rubani. Mimi ningeiita ndege isiyo na masikio, kwa sababu alichosema mama yangu siku ile hakimo popote kwenye video. Mimi nilikisikia.

Lazima nieleze jinsi mimi na mama tulivyokuwa tukizungumza. Vita vilipokaribia kijiji chetu, alinipeleka kwa mama mdogo Nakuru nikiwa sijaota meno yote, yeye akabaki. Nilirudi nikiwa mtu mzima, na cheti changu, na lugha ya kwetu najua salamu tu. Yeye Kiswahili alikiokota sokoni, kwa wanawake wa Uganda waliokuwa wakiuza nyanya karibu na meza yake. Basi mama na binti tukawa tunaongea lugha ambayo hakuna kati yetu aliyezaliwa nayo, mimi ile ya darasani, yeye ile ya nyanya. Nilikuwa namsahihisha. "Si mimi iko, Mama. Ni mimi niko." Alikuwa ananiambia asante. Kesho yake anasema tena mimi iko, na mimi nasonya.

Harusi ilipokaribia nilitaka droni. Kila mtu alikuwa nayo. Siku hizi harusi isiyopigwa kutoka juu watu huiona kama kikao cha kamati, na wenye harusi zao huweka video ya daraja, mto, mabati yanayong'aa, halafu wao wawili wadogo katikati ya mji kana kwamba mji wote ulijengwa kwa ajili yao. Nilitaka hivyo hasa. Nilimpata mpiga picha Mganda mwenye studio yake Sherikat, mtu mchangamfu aliyekuwa akivaa kibali chake cha kurusha droni shingoni hata akienda kula. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikimtisha.

"Upande ya Bilpam mimi sigeuzi yeye hata kidogo, madam," aliniambia. "Kule iko jeshi. Wataangusha yeye, halafu wataangusha mimi."

Wiki moja kabla ya harusi nilimwonyesha mama video ya mfano aliyonipa. Nilidhani atafurahi kuuona mto. Alishika simu kwa mikono miwili, akaitazama hadi mwisho bila kupepesa.

"Hii tayara iko na nani ndani?" aliuliza. Tayara ndiyo ndege kwa Kiarabu cha Juba.

"Hakuna mtu, Mama. Inaendeshwa kutoka chini."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

Alinirudishia simu. "Ile ya zamani, ya vita, ilikuwa na mtu," alisema. "Sisi ilikuwa naomba Mungu aguse roho ya ule mtu, apite tu. Saa ingine alikuwa anapita. Sasa hii, mtu ataomba nini?"

Nilicheka. Nilimwambia hii ni ya picha, ni kama kamera yenye mabawa. Akaniambia kwamba kwenye televisheni ya jirani ameona hizo hizo zikitupa mabomu huko kaskazini, na kwamba hata zile za zamani zilianza kwa kuja kuangalia. Nikamwambia asiniharibie siku yangu. Alikunja na kukunjua upindo wa kitenge chake, kisha akaniomba jambo moja: nimwambie kabla haijaruka, ili aingie ndani ya nyumba. Akishasikia imeshuka, atatoka aendelee kucheza. Hakuomba zaidi ya hapo. Nilimwahidi.

Sikusahau ile ahadi. Ningependa kuandika kwamba nilisahau, bibi harusi ana mambo mengi, lakini nilimkumbuka vizuri kabisa. Tulikuwa kwenye uwanja wa nyumba ya mama, Hai Mauna, mvua ilikuwa imenyesha jana yake na sehemu iliyokanyagwa na wageni ilikuwa tope. Mpiga picha alinijia na sanduku lake.

"Mama ya bibi harusi lazima akae kwa duara," alisema. "Bila mama, video inakuwa baridi."

Upande wa mume wangu walikuwa wengi, wamevaa sare. Upande wangu alikuwepo mama, mama mdogo na majirani. Nilitaka lile gauni la kijani lionekane, watu wajue na mimi nina mtu. Na niliuonea aibu ule woga wake. Nilijiambia kwamba droni ikishapita juu yake bila kumfanya kitu, ataona woga wake ulikuwa upuuzi na tutacheka pamoja. Basi nikamwambia mpiga picha, "Rusha. Mama usimwambie."

Mama aliusikia mvumo kabla yetu sote. Spika zilikuwa zinapasuka kwa muziki, wanawake wanapiga vigelegele, na bado alisikia. Nilimwona akisimama katikati ya hatua, mkono ukiwa hewani. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi nyuma yake, hatua kumi tu, na hakukuwa na mtu wa kumzuia. Hakuutazama hata. Alinijia mimi.

"Argud!" alipiga kelele. "Argud! Argud!" Maana yake laleni chini. Hakuna aliyelala. Aliniangusha mwenyewe, uso wangu ukaingia topeni, na uzito wake wote ukanijia mgongoni. Viganja vyake alivitandaza juu ya kichwa changu, juu ya shela na maua, na viwiko akavikita ardhini. Kinywa chake kilikuwa sikioni mwangu. Alianza kusema kitu kwa lugha ya kwetu, kisha nadhani akakumbuka kwamba sielewi, kwa sababu alibadilisha.

"Usiamke, biniya yangu," alisema. "Mimi iko juu yako."

Mpiga picha alidhani ni mchezo wa harusi za kwetu. Akaishusha droni karibu zaidi apate picha nzuri. Kadiri mvumo ulivyoshuka ndivyo mama alivyonikandamiza, na nikasikia moyo wake ukipiga mgongoni kwangu, na wageni wakicheka, na gauni langu likilowa. Nilijipindua. Nikamwambia, "Toka juu yangu, mshamba wewe!" Nikamzaba kofi. Ninalikumbuka lile kofi kwenye kiganja kuliko ninavyokumbuka pete.

Basi hayo ndiyo mliyoyacheka.

Siku ya tatu baada ya harusi shangazi wa mume wangu alikwenda Hai Mauna na mume wangu, nami nikaambiwa niende nao. Shangazi huyo ndiye msemaji wa ukoo wao, mwanamke aliyekulia Eldoret, mpole wa sauti, na sijawahi kumwona akikosea neno. Tuliketi sebuleni. Mama alikuwa jikoni akichemsha chai.

"Hatujaja kwa ubaya," alisema. "Tumekuja kuuliza tu. Kwenu kuna ugonjwa wa kichwa? Maana hilo ni jambo la damu, na watoto watakuja."

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa na jibu la kweli, na lilikuwa fupi: mama yangu aliishi miaka chini ya mabomu, na alidhani ananiokoa. Lakini nilikuwa namjua dada mmoja wa kanisani aliyerudishwa kwao na ukoo wa mumewe kwa sababu mama yake alikuwa akipiga mayowe usingizini. Walisema ni vita, wakasikitika sana, wakamrudisha. Mimi nilimpenda mume wangu. Nilikuwa na siku tatu tu za ndoa na niliogopa.

"Alikuwa amelewa," nikasema.

Shangazi alishusha pumzi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Pombe! Kumbe ni pombe tu! Mbona hamkusema?" Hapo ndipo nilipogeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alitembea hadi mezani na kuiweka chini, wala chai haikumwagika.

"Ndiyo," alisema akipanga vikombe. "Ilikuwa pombe. Malesh." Akamwomba shangazi radhi, akamtilia sukari.

Mama yangu hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa katika umoja wa akina mama wa kanisa, wale wa gauni jeupe na mshipi wa buluu, na kila Ijumaa yeye ndiye aliyeongoza maombi. Nje ya ule mshipi hakuwa na cheo popote duniani. Hapo mtaani waliomjua kwa jina la mume wake walishakufa. Waliobaki walimjua kama mama wa mshipi. Na sheria yao ilikuwa moja isiyo na huruma. Anayelewa husimama mbele ya ushirika, hutubu kwa kinywa chake, na huvua mshipi.

Habari haikuchukua wiki kufika kanisani. Wenzake hawakuamini. Mwenyekiti wao alimfuata nyumbani mara mbili akimwambia sema tu si kweli, tutakutetea. Angesema neno moja yangekwisha. Jumamosi nikaenda kwake. Njiani niliapa kwamba ningemwambia akatae, na mimi nitakwenda kwa shangazi kusema ukweli wote. Nilimkuta akipiga pasi gauni jeupe. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Mama, ukikataa, watasema ni wazimu."

Aliendelea na pasi hadi akamaliza mkono mmoja wa gauni.

"Mimi iko najua," alisema. "Mtu ya pombe wanasamehe. Kalas, imeisha, enda kwa bwana yako."

Nilikwenda. Nilijisikia mwepesi njia nzima, na hilo ndilo jambo ninalojichukia zaidi.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana waumini ni watu na wao pia wana simu. Mimi niliketi kati ya mume wangu na shangazi. Mama aliitwa, akaenda mbele, akasimama akiwa ameshika mikono. Alisema kwamba siku ya harusi ya binti yake alilewa na kumtia aibu. Mchungaji, mzee asiyependa toba za haraka, hakumwachilia hapo.

"Ulikunywa nini, mama?"

Mama hakujua. Nilimwona akitafuta. Hakujua majina ya pombe, miaka yote alikuwa akigeuza uso akipita penye vibanda vyake.

"Ile ya... nyekundu," alisema.

Wanaume wa nyuma waliguna.

"Nyekundu gani? Pombe ya marisa si nyekundu."

"Nyekundu ya chupa."

"Chupa ngapi?"

Alifikiri. Alitaka iwe ya kutosha kumfanya mtu aangushe mwanawe. "Ishirini," alisema.

Kanisa zima lilipasuka kwa kicheko. Hata wanakwaya waliinama nyuma ya vitabu vyao. Mchungaji alifunika mdomo, akamwambia basi, Mungu amesikia, na mama akaufungua ule mshipi. Kifungo cha nyuma kilimsumbua. Mwenyekiti wao alikuja kumsaidia huku akilia, na mimi nilikuwa nalia, na shangazi alinishika mkono akanong'ona kwamba nina moyo wa uvumilivu, wasichana wengine wangeshamkana mama wa namna hiyo. Waliokaa karibu walinitazama kwa huruma. Nilimwacha aushike mkono wangu.

Baada ya ibada watu walimpita mama pembeni ya ukuta, wengine wakimtania chupa ishirini, naye akiwatabasamia. Nilisubiri wapungue ndipo nikamwendea. Bila mshipi gauni lilikuwa limemlegea, alionekana mtu mwingine. Alitazama kwanza kama shangazi yuko mbali. Kisha akanisogelea, akaniuliza polepole, kwa hofu ya kweli, kama mwanafunzi aliyesoma mbele ya darasa:

"Mimi ilisema mzuri?"

"Ulisema vizuri, Mama," nikamwambia.