Udongo wa Kando ya Boma

Barua kutoka Nakuru ilisema udongo wetu una rutuba ya kutosha, kwa hivyo kikundi chetu cha wakulima wa Kabazi kimeondolewa kwenye ruzuku ya mbolea. Mwenyekiti wetu, Mzee Kariuki, aliisoma huku akitabasamu, mpaka alipofika mwisho. Mbolea ya dukani bila ruzuku hatuiwezi, na mvua ilikuwa karibu. Nikatumwa mimi, katibu, nikaombe turudishwe.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka na pikapu ya jirani iliyokuwa ikipeleka kabeji sokoni. Njia nzima mashamba yalikuwa yamelimwa, yakingoja mbegu. Nilipata nafasi ya kuwaza, na nilichowaza sikukipenda. Tulipoambiwa tupeleke udongo ukapimwe, kila mtu alichimba kando ya boma la ng'ombe, pale samadi inapomwagwa miaka nenda miaka rudi. Hatukupanga pamoja, kila mtu aliamua kivyake. Kwetu mgeni hapewi strungi, chai isiyo na maziwa, ilhali kuna ng'ombe wa maziwa, sasa nani angewapelekea wageni udongo uliochoka?

Saa tatu nilikuwa mbele ya afisa wa mradi, Madam Chebet, binti wa umri wa kifungua mimba wangu.

"Mathe, si mngefurahi?" aliniuliza. "Shamba zenu ziko sawa kabisa."

"Madam, huo udongo si wa shamba. Ni wa kando ya boma."

"Wa nani?"

"Wetu sote. Hata wangu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Mficha uchi hazai, mathe," alisema alipotulia. "Nafunga orodha Ijumaa saa sita. Chimbeni katikati ya shamba, mahali kadhaa, mchanganye, halafu mniletee."

Alasiri nilikuwa nimesharudi Kabazi, na wanakikundi wakakusanyika nyumbani kwa Mzee Kariuki. Nilipowaeleza, wengi waliinamisha macho. Yeye alikasirika.

"Mama Njeri, unataka nipeleke Nakuru udongo wa kuniaibisha? Watasema sijui kulima!"

"Walishasema unajua, mzee. Ndiyo maana hawakupi mbolea."

Aliinuka. Kisha akachukua jembe, akaenda hadi katikati ya shamba lake, pale mahindi hutoka manjano kila mwaka, akachimba sote tukimtazama. Baada ya hapo hakuna aliyebishana.

Ijumaa nilifika Nakuru na mifuko yote kabla ya saa sita. Tulirudishwa kwenye orodha. Majibu mapya yalisema udongo una asidi nyingi, unahitaji chokaa kwanza ndipo mbolea ifanye kazi. Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tukilaumu mbegu! Iliniuma sana. Safari hiyo ilinifunza kwamba anayetaka kutibiwa sharti aonyeshe panapouma.

Siku ya ugavi, Mzee Kariuki alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amevaa koti lake la kanisani. Karani alimwuliza hali ya shamba lake.

"Langu ndilo baya kuliko yote," alijibu kwa sauti, kifua mbele, akimpa karatasi ya majibu. "Soma mwenyewe."