Nimepewa kazi ya kuuza Kwa Filimbi, shamba la wawindaji nilikozaliwa

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini mkijifanya mnaandika ripoti na mlio nyumbani miguu juu.

Mimi ni agent wa mashamba hapa Malili. Najua vile mnawaza mkisikia agent na ukweli katika sentensi moja, lakini leo sina kitu cha kumuuzia mtu. Nitaandika vile ilitokea, na mahali nilikuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mwaka huu nilipigiwa simu na familia moja iko ng'ambo. Wanauza shamba la babu yao huku Makueni, ndani kabisa, mbali na highway. Kwa email waliandika "historic sporting estate". Nyumba ya mawe yenye veranda pande tatu, chumba cha bunduki, mabanda ya farasi, nyumba za mbwa, bwawa la bata.

Nikafungua picha ya kwanza nikaweka simu juu ya meza, nikatoka nje nikasimama kidogo.

Ilikuwa Kwa Filimbi. Hapo ndipo nilizaliwa.

Niwaeleze. Mwenyewe wa kwanza, mzee Mzungu, alivaa filimbi shingoni, na kwa hiyo filimbi aliita mbwa, akaita wafanyakazi, akaita hata sisi watoto tukiingia kwa maua yake. Watu wakamwita Bwana Filimbi na shamba likawa Kwa Filimbi. Jina lake la kweli nimelijua juzi kwa title deed.

Wakati wangu kuwinda wanyama wakubwa kulikuwa kumeshapigwa marufuku. Kulibaki ndege. Msimu ukifika wageni wanakuja na Land Rover na bunduki zao ndefu kuwinda kanga na kwale.

Baba yangu alikuwa kiongozi wa msitari.

Wengi hamjui msitari ni nini. Ni wanaume kama ishirini wanasimama bega kwa bega kwenye nyasi, kila mtu na fimbo, wanatembea polepole wakipiga vichaka ili ndege waruke kuelekea kwa wenye bunduki. Msitari lazima unyooke. Anayekimbia mbele anaharibu, tena anaweza kupata risasi za makalio. Baba hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anainua kofia tu, na watu ishirini wanasimama. Nilikuwa naamini yeye ndiye mkubwa wa hilo shamba, na huyo Mzungu amekuja kumsaidia.

Jioni ndege walioharibika sana kwa risasi waliletwa kwa laini, yaani nyumba zetu za wafanyakazi. Mama anapika kanga na isyo, ile mahindi na maharagwe. Ukitafuna unasikia kitu kigumu kwa jino, unatema risasi ndogo kama uwele kando ya sahani, na mwisho tunashindana nani ako na nyingi. Nimekula hoteli nyingi tangu wakati huo, na bado sijapata nyama tamu hivyo.

Nyumba za mbwa zilikuwa na sakafu ya simiti. Zetu zilikuwa za udongo. Silalamiki, nasema tu.

Nyuma ya hizo nyumba za mbwa kulikuwa na mawe. Mbwa wa Bwana Filimbi akikufa, alizikwa hapo na jiwe likachongwa jina. Baba ndiye alichonga yote. Hakujua kusoma; Mzungu alimwandikia herufi kwa karatasi, naye akazifuata na patasi moja baada ya nyingine. Na mimi, kabla ya kuingia nursery, nilijifunza kusoma hapo. Nilisoma DUKE kama "Du-ke". BELLA. JUNO. CAPTAIN ilinishinda kabisa. Moja ilikuwa imeandikwa SAMSONI, na hiyo nilisoma bila shida.

Siku moja nikamuuliza Baba kama Samsoni alikuwa mbwa mkali. Akanichapa kofi. Sikujua kwa nini na sikuuliza tena.

Bwana Filimbi alipokufa wageni waliisha, wafanyakazi wakaachishwa, na sisi tukahamia Kwa Vonza, ng'ambo ya Athi. Nilikuwa class six. Nililia hadi nikatapika kwa lori.

Sasa turudi kwa deal.

Client wa kwanza serious alikuwa kanisa moja kutoka Kitui. Wanataka retreat centre. Committee ya watu watano, na chairman wao ni mtu wa kusema sana, suti ya kijivu, viatu vinang'aa hata kwa hiyo vumbi.

Baba akasikia nikiongea kwa simu kuhusu viewing. Ako na miaka themanini na kitu. Akasema anakuja. Nikamwambia, Nau, baba yangu, ni kazi, si matembezi. Akaenda kuvaa koti.

Tulifika mapema. Wakuu, sijui niseme aje. Paa ya mabanda imeingia ndani, bwawa limebaki matope yenye nyayo za ng'ombe, lakini nyumba imesimama vile ilikuwa. Nilifungua chumba cha bunduki na bado kinanuka mafuta yale yale. Nilikaa hapo nikisahau kama niko na wageni njiani. Baba alikataa kuingia kwa nyumba. Alisema hajawahi kuingia kwa mlango wa mbele na hana haja ya kuanza sasa.

Committee ikaja. Nikawazungusha, nikapiga ile hadithi yetu ya maagent, "imagine vijana wakiomba kwa hii veranda". Walipenda. Chairman akaanza kusema "madhabahu yetu itakuwa hapa", na mimi nikajua hapo deal imeingia box.

Nikaenda kuleta funguo za store. Niliporudi sikuwaona.

Nikawakuta nyuma ya nyumba za mbwa. Wamesimama nusu duara, vichwa chini, chairman ametoa kofia. Anaomba.

"Baba wa mbinguni, tunakuja mbele zako kwa ajili ya hawa walioishi hapa kabla yetu. Ndugu Duke. Dada Bella. Dada Juno..."

Wakuu, niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Ungefanya nini? Maombi haikatizwi. Ikaendelea. Akaombea watoto wa Duke popote walipo.

Baada ya amina mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Huyu Captain alikuwa jeshi gani?"

Nikasema, "Mama, hiyo ni mbwa. Yote ni mbwa."

Wakaangalia mawe tena. Halafu huyo mama akaanza kucheka, na wote wakaangua, hadi mmoja akashika ukuta. Chairman pia alicheka, lakini kicheko cha mtu ametoa maombi mazito bure. Akatafuta kitu cha kujitoa aibu. Akaweka kiatu juu ya jiwe la SAMSONI, akagonga gonga.

"Na hii nayo! Mbwa ya Biblia! Hii ilikuwa inauma aje!"

"Toa mguu."

Ilikuwa sauti ya Baba. Sikujua alikuwa amefika. Alikuwa amevua kofia yake.

"Nimesema toa mguu. Huyo ni mtu."

Chairman alitoa kiatu taratibu, akarudi nyuma hatua mbili. Huyo mama aliyecheka alishika mdomo. Na mimi nilihisi lile kofi la utotoni likirudi kwa shavu, maana nilikuwa nimeketi juu ya hilo jiwe mara ngapi, nikila maembe.

Chairman akauliza kama hiyo kaburi inajulikana kwa title. Nikasema hapana. Wakaaga kwa haraka ya watu wa heshima.

Nikiendesha kurudi nilikuwa na hasira. Nawaambia ukweli, hasira ya kwanza ilikuwa ya deal. Nikamuuliza Baba kwa nini hakuniambia.

Tulipovuka daraja ndipo akaongea.

Samsoni alikuwa mtu wa Mutomo. Alikuja kutafuta kazi akiwa kijana, akapewa kulisha mbwa na kusimama mwisho wa msitari, upande wa kulia. Alikuwa rafiki ya Baba kuliko ndugu zake wa damu. Siku moja ya mvua, msitari ukitembea, nyoka akamuuma kwa nyasi. Walimweka kwa gari, gari ikakwama, akafa kabla ya kufika barabara. Mito ilikuwa imejaa, hakuna njia ya kumpeleka Mutomo. Wakajaribu kuchimba kaburi kando ya laini, mtaimbo ukagonga mwamba kila mahali. Penye udongo laini palikuwa mahali pamoja tu, kwa makaburi ya mbwa.

"Tulimlaza kwa mbwa," Baba akasema. "Mimi ndio nilishika miguu."

Kisha akasema lile lililokuwa linamkula. Alichonga jiwe mwenyewe. Marehemu Mama, aliyejua kusoma kidogo, alimwandikia herufi kwa makaa. Akamuuliza, na jina la babake? Baba akamjibu kwa mawe hawaandiki hivyo. Kila jiwe aliwahi kuchonga maishani lilikuwa na jina moja. Alidhani ndio desturi ya mawe.

Baadaye sana, tukiwa Kwa Vonza, alienda kuzika mtu wa kanisa akaona msalaba una majina mawili, hata matatu. Akarudi nyumbani hakula.

"Mbwa ndio inaitwa jina moja. Nilimwandika kama mbwa, na mikono yangu."

Na kuna lingine. Mito iliposhuka alienda Mutomo kwa miguu kupeleka habari, na mama ya Samsoni alipouliza amezikwa wapi, Baba alisema amezikwa pamoja na Wazungu wa nyumba kubwa. Akadanganya. Sasa shamba linauzwa, trekta ya mtu itapita hapo, na yeye hajarudi kusema ukweli. Hicho ndicho kilimtoa nyumbani na koti.

Nilisimamisha gari. Nilimwambia tu tutaenda.

Wiki iliyofuata tulienda Mutomo. Mama ya Samsoni alishakufa zamani. Tulimpata dadake, Mbithe, mwanamke mkonde anayefuga mbuzi, macho yamefifia. Nikamsalimia, "Wakya, mwaitu." Akaitikia, lakini alikuwa anasikiliza pumzi ya Baba. Akamtaja jina kabla hajasema neno.

Baba hakukaa. Alimwambia yote akiwa amesimama, na kofia mkononi. Nyoka, mvua, mwamba, jiwe. Alipofika mahali pa kusema uongo aliousema, akafuta macho na kofia, na mimi nikaangalia mbuzi, maana sijawahi kuona Baba akilia.

Mbithe aligeuza uso upande wa sauti ya Baba. Kisha akauliza,

"Hakuna Mzungu hapo?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mbithe. Ni yeye na mbwa tu. Zile alikuwa analisha."

Akaweka mkono kifuani akatoa pumzi ndefu.

"Miaka yote hii nimemhurumia. Nikilala nawaza, ndugu yangu amewekwa na Wazungu, hata kusalimia hawezi, hajui lugha yao. Kumbe ako na mbwa zake."

Baba ndipo aliketi.

Nilimwambia Mbithe naweza kugharamia aletwe nyumbani. Akakataa. Akasema angemleta kwa nani, waliomjua wamebaki yeye na huyu mzee. Alitaka kitu kimoja, jina la baba yao liongezwe.

Tumeliongeza. Mikono ya Baba inatetemeka sasa, kwa hivyo nilishika patasi mimi, yeye akanisimamia akinikosoa kila herufi. MUSILI yangu imepinda kidogo. Inasomeka.

Wenye shamba niliwaandikia nikawaeleza. Hicho kipande cha nyuma hakiuzwi, kimekatwa, na yeyote atakayenunua atakubali kwa maandishi kwamba watu wa Mutomo wanapita wakati wowote. Chairman alinipigia kuuliza kama "ile issue imeondolewa". Nikamwambia issue iko na majina mawili sasa. Akasema atapeleka kwa committee. Committee bado inaomba.

Kwa hivyo shamba bado liko sokoni, na mimi bado sijalala njaa.

Nilichojifunza, wakuu: nilikuwa nauza mahali nilidhani napajua kila jiwe, na sikuwahi kumuuliza Baba hata swali moja kama mtu mzima. Nilimwogopa kwa sababu ya kofi moja. Kama mzee wako bado yuko, muulize alifanya kazi na nani, na huyo mtu yuko wapi. Usingoje mnunuzi aje kukanyaga.

Najua wengi humu wazazi wenu walifanya kazi kwa ranchi na mashamba kama haya, kuanzia Ulu hadi Kibwezi. Nani alibaki huko? Mtajeni hapa chini. Majina mawili, tafadhali.