Bi Taratibu na Taa Nyekundu

Saa moja kamili asubuhi. Bi Taratibu anavaa hedifoni, anafuta kioo cha kompyuta kwa leso, kisha anaitazama taa ndogo iliyo pembeni mwa kioo. Ni ya kijani. Anashusha pumzi.

"Ikiwa kijani nina amani," anasema. "Ikigeuka nyekundu, moyo unanidunda kama nimeiba."

Huu ni mwaka wa kumi na moja anapokea simu za wateja wa kampuni ya maji. Wenzake walimbandika jina hilo kwa kuwa hamkatizi mtu kauli. Ila tangu mwaka jana kila simu husikilizwa na akili bandia, na hiyo haijui subira. Ukinyamaza sekunde nane, nyekundu. Nyekundu tatu kwa mwezi, kibarua kinaota nyasi.

Wafanyakazi wakabuni ujanja: kila kimya wanakijaza kwa "ndiyo, nimekuelewa." Lakini mazoea yana tabu. Jioni moja binti ya Bi Taratibu alikuwa akimweleza, huku akilia, jinsi rafiki yake alivyomtenga shuleni. Mama akajibu, "Ndiyo, nimekuelewa. Kuna lingine nikusaidie?"

"Mama," binti akasema, "mimi si mteja."

Bi Taratibu akifika hapo katika kusimulia, anageuza uso. "Mwanangu analia, na mimi naogopa taa ambayo hata haipo!"

Wiki mbili baadaye alipiga simu mjane, akitaka jina la marehemu mumewe liondolewe kwenye ankara. Akashindwa kulitamka. Safari hii Bi Taratibu hakujaza kitu. Alimngoja sekunde arobaini na moja, taa ikiwaka nyekundu, ya tatu mwezi ule.

Msimamizi alipomwita, aliomba jambo moja tu: "Kaka, isikilize simu hiyo wewe mwenyewe, kwa masikio yako."

Msimamizi akaisikiliza. Walipofika kwenye kile kimya, naye akainamisha kichwa. Nyekundu ile akaifuta.

Mashine ingali pale pale. Bi Taratibu na wenzake sita wameiandikia kampuni barua, wakiomba kila simu nyekundu isikilizwe na mtu kabla mfanyakazi hajahukumiwa. Hawajajibiwa.

"Wakikubali, nitalala usingizi," anasema. "Wasipokubali, nyumbani nimeshaanza kusikiliza."

Nyumbani simu yake inakaa kabatini. Binti anasimulia, anakwama katikati, anamtazama mama yake aliyenyamaza muda mrefu.

"Mama, unanisikia?"

"Sema taratibu, mwanangu. Nipo."